Mawe Mawili na Mtahiniwa wa 41

Jumatatu, 3 Machi

Niwie radhi, daftari. Wiki sita bila neno. Sina udhuru ila uvivu — nao kwa mwanafunzi nisingeukubali.

Leo chuoni nimekuta rufaa mezani. Mtahiniwa wa 41, binti fundi cherehani anayesoma kwetu masomo ya jioni. Amekosa alama mbili tu za kuingia kozi ya ufundi mitambo. Orodha inafungwa Ijumaa. Anapinga swali la saba la fizikia: jiwe linaachiwa kutoka juu ya mnara wa mita 12, papo hapo jingine linarushwa juu kutoka chini kwa kasi ya mita 6 kwa sekunde. Yatakutana baada ya muda gani? Jibu la mtungaji: sekunde 2. La binti: hayakutani. Sifuri!

Mtungaji ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Mwenyekiti wa kamati iliyoupitisha mtihani ni mimi. Nilikagua kila mkato. Mawe sikuyakagua.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji amenieleza polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Eti ni rahisi hata kwa mtu wa lugha. Dunia inayavuta mawe yote mawili sawasawa, basi mvuto unajifuta. Ukipanda juu ya jiwe moja, utaliona la pili likikujia mita sita kila sekunde, halizidi wala halipungui. Kumi na mbili gawa kwa sita. Mbili. Basi!

Nilipendezwa, nakiri. Hesabu ndefu kuisha kwa mstari mmoja!

Nyumbani mke wangu akauliza tu: hilo la chini linafika wapi? Nikasema hilo halikuulizwa. Akacheka. "Mzee, wewe na kaka yangu mmepanda juu ya mawe. Nani anaangalia ardhi?"

Jumatano, 5 Machi

Tumefanya jaribio. Aibu, umri huu! Mke wangu ghorofa ya nne na kiazi, mimi uani na kiazi. Akahesabu hadi tatu. Changu kilipita kichwa changu kidogo, kikarudi, kikanigota mguu. Chake kilikuwa bado hewani — kisha nacho, pa!

Jirani muuza magazeti akachungulia dirishani. "Babu, mmegombana?"

"Bado, jirani!" mke wangu akajibu kutoka juu. "Tunapima kwanza."

Nimekaa na penseli. La chini linarudi ardhini baada ya sekunde moja na kidogo. La juu linatua baada ya moja na nusu hivi. Sekunde ya pili ikifika, yote yamelala.

Nikafungua karatasi ya 41. Amegawa vilevile, akapata 2. Chini yake: "Lakini kabla ya hapo yote mawili yameshaanguka. Hayakutani." Msahihishaji alisoma neno la mwisho tu.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao ni kesho saa tatu asubuhi. Barua ya kukiri kosa inataka sahihi mbili, ya mwenyekiti na ya mtungaji. Yangu ipo.

Shemeji amekuja, yupo sebuleni. Anastaafu mwisho wa mwezi. Miaka thelathini, anasema, hakuna swali lake lililowahi kurudishwa. Je, nataka aagwe kwa kosa?

"Kaka," dada yake akamwambia, "nimeona hesabu ya mzee. Mawe yako yamekutana mita nane chini ya ardhi. Ulimtuma nani akayashuhudie?"

Nilicheka. Sikupaswa.

Nikamweleza kwamba binti alikuja ofisini mchana. Hakuandika vile kwa kiburi, alisema. Alirudia hesabu mara tatu, kwa kuogopa kumkosoa mwalimu wake.

 Shemeji akaiomba karatasi ya binti. Anaisoma sasa, miwani imemshukia puani. Chai yake imepoa. Barua hajaigusa.

Ameomba kalamu nyekundu. Sijamwuliza ya nini, nimempa. Nitaandika tukishaamua.