Makufuli Mawili, Kitanda Kimoja

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijafanya jambo la kunitia ndani, maana mimi na mume wangu tumefika pabaya, na wala si mwanamke wa nje, afadhali angekuwa mwanamke ningejua pa kuanzia, ni kanisa.

Mimi ni mshonaji, mapazia ya kanisani na majoho ya kwaya yote yametoka kwenye cherehani yangu, na mume wangu ni fundi umeme, nyaya na vipaza sauti vya pale ni mkono wake, hapo ndipo tulipofungia ndoa, tulikuwa tunaenda pamoja tunarudi pamoja mpaka majirani wakatuita chanda na pete. Sasa mchungaji akataka kanisa letu liingie chini ya umoja mkubwa wa makanisa, wazee wakasema haiwezekani, jengo tumelijenga kwa jasho letu halafu tuwape watu tusiowajua, mchungaji akaitisha mkutano akawafuta uanachama wote waliompinga, nikiwemo mimi, wazee nao wakaitisha wa kwao wakamfuta mchungaji na wote wanaomfuata, akiwemo mume wangu, yaani mshauri, ndani ya nyumba moja sote tumefukuzwa na sote tunajiita wanachama, kesi iko mahakamani, na watakaoonekana wanachama halali ndio watakaobaki na jengo, kiwanja na kila kilichomo.

Watu waliporushiana viti, hakimu akaamuru jengo lifungwe mpaka hukumu, mlango mmoja makufuli mawili, kila upande na ufunguo wake, asiingie mtu bila ruhusa ya mahakama na pande zote kuwepo. Upande wa mchungaji wakampa mume wangu ufunguo wao, akaja nyumbani kifua mbele, "Mama watoto, umeona wanavyoniamini?" Nikamwambia hongera, huku nacheka kimoyomoyo, maana wa upande wa wazee nilikuwa nimeshakabidhiwa mimi na nimeuficha kwenye kopo la vifungo. Hakukaa muda akajua, na tangu hapo amani ikahama nyumbani kwetu. Yeye ufunguo wake hautoki mfuko wa shati, mimi mteja akitaka kifungo nageuka kwanza kuangalia nani yuko nyuma yangu, nikikohoa kitandani yeye anainuka, akijigeuza yeye mimi macho yananitoka.

Na huko nje hawanipi nafasi. Katibu wa wazee, tunamwita Mzee Hoja kwa kupenda kusema "nina hoja", kila mara yuko kibandani kwangu na suruali ileile nimpunguzie miguu, nimeshaikata mpaka karibu inakuwa kaptura, kumbe shida yake si suruali.

"Mama, nina hoja. Tukiingia tukasali hata ibada moja tu, tutakuwa tumeshalishika jengo. Mumeo akienda kuoga, shati analiacha wapi?"

"Mzee, unataka niibe?"

"Astaghafiri! Nani kataja kuiba? Kuazima, mama, kuazima."

Juu ya yote hayo binti yetu mkubwa anaolewa, amekulia kwenye kwaya ya pale na ndoto yake ni kufungia ndoa pale, akatukalisha mezani akatuuliza, "Kwa hiyo mimi nitafungia ndoa wapi, uani?" Baba yake akasema utafungia kanisani, upande wetu ukishashinda, nikasema upande upi huo, tukaanza kurushiana maneno mbele ya mtoto kama watu wa sokoni, akaweka kikombe chini taratibu akasema, "Basi nitaandikisha ndoa ofisi ya serikali, na msije. Mkija, makufuli yenu atalinda nani?" Akahamia kwa shangazi yake, na simu yangu hapokei.

Sasa sikia kilichonitoa jasho. Juzi mume wangu yuko bafuni, shati liko kwenye kiti, mkono wangu ukaingia mfukoni, naapa sijui ulifikaje, nikaushika ule ufunguo, bado una joto lake, nikasikia maji yamekatika, nikaurudisha mbio. Nikatoka nje kufua ili nijitulize. Nikanyoosha mkono nyuma ya pipa la maji kuchukua kipande cha sabuni, kukigeuza, lahaula! Kina alama ya ufunguo, meno yote yamekaa. Nikakimbilia kopo la vifungo, nikaulaza ufunguo wangu pale kwenye sabuni, ukaingia kama uko kwake.

Kumbe mwenzangu anataka kuchonga ufunguo wangu! Sabuni nikaificha kwenye mfuko wa vitambaa chakavu. Jana asubuhi nzima namwona anazunguka pipa, anainama, anachungulia, mwisho akaja mlangoni. "Mama watoto, ile sabuni iko wapi?" Nikamjibu, "Sabuni gani?" Akarudi zake kwenye pipa. Mshauri, nimpeleke polisi? Nimpe Mzee Hoja hii sabuni ikawe ushahidi, mchungaji aanguke? Au niuwahi ufunguo wake kabla hajachonga wangu? Siwezi kukaa, siwezi kulala, hata chakula namtengea huku naangalia mikono yake, na mume wangu nampenda, hilo ndilo linaloniumiza.

Ni mimi, Mshonaji Asiyelala.

—

Mshonaji, pole. Nimesoma barua yako nikacheka, nilipofika kwenye binti yako kuweka kikombe chini sikucheka tena.

Unaniuliza umpeleke mumeo polisi. Haya, na mkono wako ulikuwa unatafuta nini kwenye shati lake, kifungo? Hapo ngoma droo, mama. Tofauti ni kwamba yeye ameacha alama na wewe umewahi kurudisha. Nyani haoni kundule.

Sasa jiulize jambo ambalo hukuniuliza. Kanisa zima, lina wazee, lina kwaya, lina watu wazima na akili zao, ilikuwaje pande zote mbili zikachagua mtu na mkewe? Mzee Hoja alijua vizuri mumeo ni wa upande gani kabla hajakupa wako, na wenzake wa upande wa pili walijua vilevile. Hawakuwaamini. Walichohesabu ni kitanda chenu, kila upande ukijiona mjanja kuliko mwenzake, na nyinyi mkavimba vichwa.

Hiyo hoja ya kusali ibada moja mkawa mmelishika jengo ni maneno ya kijiweni. Nani mwanachama halali, hakimu ataangalia katiba ya kanisa lenu inasemaje na ile mikutano miwili iliitishwaje. Amri yake ikivunjwa, atakayeitwa ajieleze ni mshika ufunguo, wakati Mzee Hoja yuko kwake amekaa na kaptura yake. Na ukipeleka sabuni iwe ushahidi, wakili wa upande wa pili atakuuliza swali moja tu, tena umeshaapishwa: "Mama, wewe ufunguo wa mumeo hujawahi kuushika?" Utajibu nini?

Fanya hivi. Leo mumeo akirudi, kabla ya chakula, toa sabuni uiweke mezani, na uanze na lako. Mwambie, "Baba watoto, juzi mkono wangu uliingia kwenye shati lako." Halafu nyamaza, umwachie nafasi aseme la kwake. Atafoka, mwache afoke. Muulize kama ameshachonga, na kama amechonga, huo wa kuchonga nao utoke hapohapo.

Kesho asubuhi kila mmoja aende kwa wakili wa upande wake aseme kazi ya ufunguo imemshinda, funguo zote zikabidhiwe mahakamani, na mpewe karatasi ya kupokelewa. Siku hiyohiyo waombeni mawakili hao wawili wamwombe hakimu kwa pamoja ruhusa ya siku moja kwa ajili ya ndoa, pande zote zikiwepo. Anaweza kukubali, anaweza kukataa. Akikataa, mtaenda ofisi ya serikali mmevaa vizuri, mtakaa mbele, na mtamshangilia mtoto wenu mpaka karani awaombe mpunguze sauti. Lakini kwanza nendeni kwa shangazi yake, nyote wawili, kwa miguu yenu. Hapokei simu kwa sababu hajui ni mama anayepiga au ni upande wa wazee.

Mzee Hoja akija tena na ile suruali, mwambie cherehani imeharibika.

Na mkirudi kutoka mahakamani mikono mitupu, chukua ile sabuni ufulie lile shati la mumeo. Sugua sana pale mfukoni, yeye akikuchotea maji, mpaka meno ya ufunguo yaishe. Halafu mkalale.