Mikrobi ya bakuku yangu

Kasungami, siku ya ine

Mimi mwenye sijalalaka hospitali hata mara moja, leo nimeogopa mutoto mudogo.

Asubuhi muganga wa hospitali, ule mwenye alipanguzaka mikono ya bafugaji ba kuku na kubeba mavi yetu kwa kupima, alirudi na majibu. «Petit, mudogo wangu, uko muzima kabisa. Lakini ndani ya tumbo yako iko mikrobi yenye dawa haiui tena.»

Nikacheka: «Basi miye njo chuma!»

Hakucheka. Akauliza kama ninawekaka dawa katika maji ya bakuku. Ninaweka! Unafungua kapsili ya tetra, ile dawa ya bantu ya kuua mikrobi, unamwaga unga, bakuku banakomaa mbio. Hii njia, miye njo nilifundisha majirani bote.

«Njo pale mikrobi inazoea dawa, kisha inapita kwa mikono mpaka kwa kinywa. Wewe haitakufanya kitu,» akasema. «Lakini ikiingia kwa muntu muzaifu, tutamutunza na nini?»

Mangaribi nikafika kwa yaya Béa, dada yangu mukubwa. Mutoto wake alizaliwa mbele ya wakati, na angali muzaifu sana. Yaya akaninyooshea mutoto: «Shika, mujomba! Ao unaogopa atakukojolea?»

Nikaficha mikono nyuma.

«Mutoto wangu iko mubaya?»

Nikamwambia yote. Nilifikiri atanifukuza. Yaya akaangalia mikono yake mwenyewe. Mpaka wiki ya kuzaa, tulikuwa tunafagia kibanda ya bakuku sisi wawili.

Mutoto alikuwa ananyonya. Yaya akauliza polepole: «Na miye, kama niko nayo, nimuweke wapi?»

Miye nikaenda kuleta maji na sabuni, tunawe mikono sisi wawili.