Ugonjwa wa Honorable

Mweso, mwezi wa pili

Dada yangu mkubwa Francine,

Kabla ya yote nakusalimia wewe, shemeji Déo, na wote wanaoota moto wenu huko Itebero. Magoti yako yanaendeleaje? Mihogo iliwaponyoka nguruwe wa pori? Sisi huku tunapumua, na binti yako Plamedi ni mzima, anasoma, anakula. Nimelitanguliza hilo makusudi, maana najua utaruka mistari yote ukilitafuta jina lake.

Pengine wachuuzi wa mawese wamekwisha kukufikishia kwamba mdogo wako amefukuzwa nyumbani kwa ajili ya samaki. Wamesema kweli, ila kweli isiyo na kichwa wala mkia. Nakuomba uisome yote kabla ya kumtuma shemeji aje kumchukua mtoto. Sijasahau ulivyoapa siku ulipomleta: akikosa nyumba ya heshima atarudi kulima, hata kama diploma ya uuguzi imebaki hatua moja.

Unamkumbuka Papa Kanyamibwa, mfanyabiashara aliyetupa vyumba viwili vya nyuma ili tumlindie nyumba wakati yeye anakaa Goma. Huyo amejenga salon, sebule ya wageni, kubwa kuliko darasa langu, na ndani yake hamna kitabu hata kimoja. Badala ya vitabu aliweka sanduku la kioo lenye maji, mawe ya rangi, ngome ya plastiki, na samaki mmoja mwekundu mwenye kitambi. Alimwita Honorable, yaani Mheshimiwa, kwa sababu mwenyewe anatafuta ubunge na alitaka wageni wazoee kulisikia neno hilo chumbani mwake. Mji umejaa familia zilizokimbia vita, akina mama wanapanga bidon zao za maji kwenye robinet, bomba la mtaa, tangu alfajiri, na bwana mkubwa anafuga samaki asiyeliwa! Nilimdharau mwenye samaki, nikamdharau na samaki. Kutwa nzima alifungua mdomo na kuufunga bila kutoa hoja. Kwa upande huo jina lilimfaa.

Basi Honorable akaugua. Aliacha kula, akayabana mapezi, vidoa vyeupe kama chembe za chumvi vikamtoka mgongoni. Nilimpigia simu mwenyewe. Hakuuliza anaumwa nini. Aliniambia tu: “Mwalimu, ule samaki akikufa, weye na ule mutoto mutatafuta kwenye kulala.” Akakata. Ndivyo diploma ya binti yako ilivyoning'inizwa kwenye mkia wa samaki.

Wiki hiyohiyo shangazi yake Papa Kanyamibwa, Mama Mukasine, aliteremka kutoka Karuba na maziwa yake. Kwao mgonjwa hanyimwi maziwa, awe mtoto, mzee au ndama. Kumnyima ni kumtakia kifo. Nilipogeuka kumtafutia kiti, alikuwa amekwisha kumimina kikombe kizima ndani ya kioo. Nilipiga kelele kwamba samaki si ndama. Akanijibu bila kupandisha sauti: “Papa, weye unasoma sana, lakini haujakamua hata ng'ombe moja. Wacha mugonjwa akunywe.” Kufika jioni maji yalikuwa yameharibika na kunuka, na mgonjwa amelala ubavu.

Plamedi alimhamishia kwenye beseni la maji safi. Alisema hajui dawa ya samaki, basi atamwuguza kama mtu. Akatia chumvi kidogo, akamfunika kitambaa asishtuke. Pampu ya hewa ilikuwa imezimika pamoja na betri ya sola, kwa hiyo mimi, ninayebishana na magavana redioni, nilikaa kwenye kigoda nikichota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu, ili Honorable apate pumzi.

Maji ilibidi yabadilishwe kila siku. Nilisimama robinet na bidon yangu. Mama mmoja mkimbizi, mtoto mgongoni, akaniuliza kwa nini mwanaume anachota. Nikasema nina mgonjwa nyumbani. Akawageukia wenzake: “Mumupishe Papa, iko na mugonjwa.” Wakanipisha wote. Dada, sijawahi kujidharau namna ile. Nilirudi mwisho wa mstari, nao wakanidhani kichaa.

Honorable akapona. Vidoa vikatoweka, tukamrudisha kwenye kioo, akawa mnene na mjinga kama zamani. Ndipo Papa Kanyamibwa akaja na wageni wa chama chake na televisheni pana kama mlango. Pa kuiweka palikuwa pale penye kioo. Hakumtazama samaki hata mara moja. Alinyoosha kidole: “Mwalimu, toa ile kitu, inanuka. Samaki, mupatie paka.” Wageni wakacheka.

Sasa nakuungamia. Ningeweza kunyamaza. Ningebeba kioo hadi uani, paka angekula, na leo Plamedi angesoma chini ya taa. Nililijua hilo nikiwa nimesimama palepale. Usiseme ni hasira iliyonipofusha. Nilimwambia mbele ya watu kwamba aliyetaka kututupa nje kwa ajili ya samaki, kisha akamtupa samaki kwa ajili ya televisheni, kesho atawatupa wapiga kura kwa ajili ya kiti. Nikaongeza kwamba katika salon ile Honorable alikuwa mmoja tu, naye alikuwa majini. Wageni wawili wakacheka tena, na hicho ndicho hakunisamehe. Kabla ya jua kuzama magodoro yetu yalikuwa barabarani.

Plamedi alitangulia na beseni lenye samaki hadi kwa Mama Claudette, mjane wa parokia, aliyetupa chumba kimoja kisicho na taa. Hapo akasema: “Mujomba, mudomo yako njo ilitutoa kule. Sasa mikono yako ilete maji, mimi nisome.”

Nimetii. Nachota, napika, nafua, na yeye anasoma mlangoni mchana kutwa. Usimrudishe, dada. Mtihani uko karibu. Ukitaka mtu wa kulima, nichukue mimi akishafaulu. Sijashika jembe tangu nilipotoka seminari, na majirani zako watanicheka. Waache wacheke.

Mwambie shemeji Déo nampa mkono, ila asifunge safari. Wabusu watoto. Plamedi hajui kama nimekuandikia.

Ni mimi mdogo wako,
Barthélemy