Kompyuta ya Tatu

Old Moshi,
14 Septemba.

Kwako Kaka Aminieli,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na Mama Godwin na watoto, na kwamba joto la Mwanza limepungua kidogo. Goti lako linaendeleaje? Mama anakuuliza kila mkiongea kwenye simu, nawe unamjibu kwamba linaendelea, basi, halafu anabaki akinisumbua mimi kana kwamba ninalo goti lako hapa kabatini. Mwambie ukweli siku moja apumzike. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, bakuli la mtori analimaliza, na Jumapili anatembea mwenyewe hadi kanisani. Fimbo anaibana kwapani ili watu wasimwone akiitegemea. Baridi ya Julai ilitushika kweli lakini imekwisha, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Kaka, kabla ya mengine yote nataka kukushukuru, na nakushukuru kwa maandishi kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi, unabadilisha habari upesi. Ile shule ya lugha pale mjini ilipofungwa nilipanda huku na sanduku la vitabu na miaka kumi na moja ya kufundisha wageni Kiswahili, nisijue nitafanya nini navyo. Hukuniuliza. Nilishtukia tu mafundi wako juu ya bati wanafunga dishi la intaneti, na kompyuta imefika kwa basi. Leo nina wanafunzi tisa, kila mmoja yuko kwao, mimi niko hapa sebuleni kwako nimejifunga kanga. Yuko bibi mmoja wa Norway ambaye ana umri wa kunizaa, lakini kila somo ananiamkia shikamoo. Nimemweleza mara nyingi kwamba mimi ndiye wa kumwamkia, hasikii. Siku hizi Mama anakaa nyuma yangu na kumwitikia marahaba kwa niaba yangu, na wanaelewana vizuri. Nimepata kazi ya heshima nyumbani, kaka, na ni wewe uliyenipa. Mungu akuzidishie.

Sasa nije kwenye lile swali lako. Jumapili iliyopita uliniambia umeangalia kwenye simu yako ukaona intaneti ya nyumbani ina kompyuta tatu, wakati sisi tunazo mbili, yangu na ile ya zamani ya Godwin ambayo Mama anaangalizia kwaya. Ukauliza ya tatu ni ya nani. Nikakujibu ni ya mgeni aliyepita. Nilikudanganya. Hakuna mgeni. Kompyuta ya tatu ni ya Grace, binti wa mdogo wetu Eliudi, na iko kwa Eliudi, upande wa pili wa migomba.

Najua ulichosema. Nilikuwepo kwenye kikao cha ukoo miaka sita iliyopita, Eliudi alipong'oa kahawa ya Baba bila kumwambia mtu na kupanda parachichi. Ulisimama ukasema hakuna kitu chako kitakachovuka kuingia kwa Eliudi, hata kaa la moto la kuwashia jiko. Na siku dishi lilipofungwa uliniambia tena, neno la siri lisitoke nje ya nyumba hii, na likitoka utaifunga intaneti hukohuko Mwanza na Desemba tusikutarajie. Sijasahau hata neno moja. Intaneti ikifungwa nitakuwa sina kazi, hilo nalijua, lakini ninachokiogopa zaidi ni hiyo Desemba. Mama ana miaka themanini na mbili. Basi naomba unisome mpaka mwisho ndipo uamue. Usiikunje barua katikati, maana nakujua.

Grace anasomea maendeleo ya jamii kwenye chuo kinachofundisha kwa njia ya mtandao. Mwanzoni alikuwa anatumia bando la simu, linakatika mwalimu akiwa katikati ya sentensi. Akawa anakuja kwangu alasiri. Tulikaa meza moja, kompyuta mbili, mimi na wageni wangu, yeye na walimu wake, fujo tupu. Siku moja kijana wa Ujerumani aliniuliza maana ya ushirikishwaji wa wadau, na mimi sijamfundisha hata kuhesabu, kumbe amemsikia mwalimu wa Grace. Nilijitetea moyoni kwamba mtoto yuko ndani ya nyumba yako, kwa hiyo neno la siri halijatoka. Hayo ndiyo niliyojiambia, na nililala vizuri tu.

Halafu mwezi wa nne Eliudi akavunjika mguu. Alivunjikaje nitakueleza hapo mbele, kwa sababu ndicho hasa kilichonikalisha kuandika. Mke wake Martha yuko Tarakea kwenye biashara, anarudi Jumamosi anaondoka Jumatatu, kwa hiyo kazi yote iliangukia kwa Grace. Kukata majani ya ng'ombe, kukamua, kupika, kumwogesha baba yake aliyefungwa plasta hadi pajani. Asingeweza tena kuja kukaa kwangu. Wiki tatu zikapita hajasikia somo hata moja, na mitihani ilikuwa Julai. Siku moja alikuja kunirudishia kitabu, akaniambia ameamua kuacha, labda mwakani. Alisema bila kulia, na hapo ndipo nilipomwandikia neno la siri kwenye kiganja.

Lakini halikumsaidia. Intaneti ilikuwa haifiki. Nikamwita Shamir, yule fundi ambaye baba yake ana duka la kompyuta mjini. Alizunguka kwenye migomba na simu yake mkononi, na kila akipita shina moja mawimbi yanapungua. Akaniambia majani ya mgomba yamejaa maji, na mawimbi yakiingia humo hayatoki, mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Akasema kinatakiwa kisanduku cha pili katikati, kipokee intaneti kutoka kwangu na kuirusha kwa Eliudi, na lazima kikae mahali panapoziona nyumba zote mbili. Tukatafuta. Kaka, unalijua shamba letu hili la kihamba. Mahali pasipo na mgomba, unaposimama ukaona mabati ya nyumba zote mbili, ni mahali pamoja tu. Ni kaburini kwa Baba.

Basi kisanduku kiko pale. Kimefungwa kwenye nguzo ya kile kibanda ulichomjengea Baba, na waya wa umeme unatoka kwenye banda la ng'ombe. Usidhani nilifanya kienyeji. Shamir mwenyewe aligoma, akaniuliza mara tatu kama nina hakika, mpaka nikaenda kumuuliza Mama. Mama akasema Baba yenu alikuwa akifungua redio ya taarifa ya habari mpaka majirani wote wanaisikia watake wasitake, kwa hiyo hatashangaa. Shamir akavua viatu kabla ya kukanyaga vigae. Jioni hiyohiyo Grace alinipigia akaniambia anamwona mwalimu wake usoni. Mitihani amefaulu yote isipokuwa mmoja wa takwimu, huo ataurudia Novemba. Kwa hiyo kuna mtoto wa ukoo wetu unayemsomesha bila kujua, na nakushukuru kwa ajili yake pia, maana yeye anaogopa kukushukuru.

Sasa nimefika pazito. Unakumbuka masika, upepo ulipogeuza dishi tukakaa siku nne bila intaneti. Nilikuambia fundi amepanda kutoka mjini akalirekebisha. Hakuna fundi aliyepanda. Barabara ilikuwa matope, hata pikipiki zilikuwa zinaishia kule chini darajani. Wanafunzi wangu walikuwa wameanza kutuma ujumbe kuuliza kama nimeacha kazi, na wawili walikuwa wameshapata mwalimu mwingine. Nililia jikoni, sikujua kama Grace yupo mlangoni. Kesho yake asubuhi Eliudi akaja na ngazi begani. Tangu kile kikao alikuwa hajakanyaga uani kwako. Hakunisalimu. Aliegesha ngazi, akapanda, akawa analigeuza dishi kidogo kidogo, na mimi niko dirishani naangalia kompyuta namwambia bado, bado, rudisha kidogo, hapohapo. Intaneti ikarudi. Alipokuwa anashuka bati likamtelezesha, maana lilikuwa limelowa. Tulimbeba kwenye kitanda cha kamba hadi darajani ndipo tukapata gari.

Ni juu ya nyumba yako alipoanguka, kaka, akitengeneza intaneti yako, uliyosema isivuke kwenda kwake. Na hospitalini aliniapisha nisikuambie. Alisema utadhani anajipendekeza.

Lipo jambo moja zaidi, nalo ndilo limenikaa kooni miezi hii yote. Jioni ile ulinipigia. Ulifurahi intaneti imerudi, ukaniambia nimfikishie fundi shukrani zako, na kwamba Mungu amlinde mikono na miguu yake. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya hospitali, nikaishusha simu sikioni, ukadhani imekatika. Nikaingia wodini nikamwambia Eliudi, neno kwa neno, kwamba kaka anamshukuru na anasema Mungu amlinde mikono na miguu. Akageukia ukutani. Niliona mabega yanavyotikisika. Alipotulia akaniomba nirudie tena ulivyosema, nikarudia.

Ungekuwa mimi ungemnyima Grace neno la siri? Nimekosa kukuficha, na nimekosa kukudanganya mara mbili, naomba radhi kwa hayo. Kwa kumpa Grace sijui niombe radhi kwa namna gani, maana nikikaa hapa sasa hivi naona ningempa tena.

Mimi nimekiri yangu kwa maneno. Eliudi hakutaka maneno. Jana nilimwambia nakuandikia na kiapo nakivunja. Akachukua magongo yake akaenda polepole hadi kaburini, akachuma jani la isale pale upande wa kichwa cha Baba. Nilitaka kumsaidia akanikatalia. Akalipiga fundo mwenyewe kama inavyotakiwa, akanikabidhi, akasema hili ni la kahawa. Akasema angekuletea kwa mkono wake ila mguu haujakubali safari ya basi. Limo humu ndani ya bahasha, nimelifunga kwenye gazeti. Wewe ni mtoto wa kwanza wa Baba, si mimi wa kukufundisha kwamba anayeombwa msamaha kwa isale hakatai. Litakufikia limenyauka, lakini ni isale vilevile.

Nisalimie Mama Godwin sana, mwambie kitenge alichonipa nimekishona na kimenikaa. Watoto wasalimie mmoja mmoja. Mama anakusalimu na kukuombea. Ameanza kuuliza mtakuja wangapi Desemba ili ajue ndizi za kuweka kando, nami nimemwambia asubiri kwanza barua ifike.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Elisifa