Chupa Mbili za Septemba

9 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo, na wifi yangu hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule? Mimi nipo, mgongo tu unalalamika kwa kukaa kwenye stuli ya maabara mchana kutwa. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, halafu unampa wifi simu anisalimie, nami hasira zinanyauka kabla sijasema nililokusudia. Safari hii sitaki zinyauke.

Barua ya kanisa lako imefika kazini, ina muhuri na saini yako. Mnaomba nakala ya majibu ya yule mwalimu wa chekechea, yale ya Septemba yaliyosema ana saratani ya titi, ili muyabandike kwenye ubao wa matangazo kando ya majibu ya Januari ya hospitali nyingine, yaliyosema hana chochote. Nimesikia hata kichwa cha tangazo kimeshaandikwa kwa wino mwekundu: SAYANSI IMEFUNGWA MDOMO.

Jibu langu ni hapana. Majibu ya mgonjwa si kadi ya harusi. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mfagiaji wa posta, mwenye ugonjwa huohuo, ambaye dawa zilikuwa zinamsaidia na uvimbe unapungua tukiuona, hajatokea kliniki wiki ya tatu sasa. Muuguzi alipompigia, alisema anasubiri zamu yake ya kuombewa. Zamu, mdogo wangu, kama foleni ya kinyozi.

Sisi tukisema jambo tunaonyesha tulikolitoa, na yeyote anaweza kuja kutukagua. Ninyi mkisema jambo, anayeuliza anaambiwa hana imani. Huyo mama akifa, utasimama mbele ya jeneza lake useme yalikuwa mapenzi ya nani?

Nisalimie watoto.

Dada yako

16 Februari

Dada, shikamoo.

Sisi hatujambo, watoto wanakusalimia. Barua yako niliisoma nimesimama, hadi wifi yako akaniuliza kama kuna msiba.

Kwanza, sijamwambia mtu yeyote aache dawa. Pili, umenifokea kana kwamba bado nina miaka tisa na nimerudi nyumbani na kiatu kimoja. Tangu mama afariki wewe ndiye uliyenilea, na hilo silisahau. Lakini mimi sasa ni mtu mzima, nazika watu na kubariki ndoa zao.

Nilikuwepo Septemba mwalimu alipofungua bahasha yenu. Nilimshika mkono. Aliwaandikia wanawe barua za kusoma wakishakuwa wakubwa. Aliikataa operesheni, na kwa miezi minne tulifunga na kuomba naye. Uvimbe ukanywea, na hospitali kubwa kuliko yenu ikampima upya ikasema hana kitu. Nikisema Mungu amemponya, unanidai ushahidi. Nikakuuliza wewe kwa simu ni nini kimetokea, ukaniambia, "Hayo hutokea." Hutokea, ndiyo sayansi yenyewe? Ningesema hivyo mimi mimbarini, ungecheka hadi uanguke kwenye hiyo stuli.

Karatasi mbili, mihuri miwili. Ama mwanamke huyu aliugua akapona, ama hakuugua kabisa na ninyi mlimtia wazimu bure. Umesema yeyote anaweza kuja kukagua. Basi anza wewe.

Mdogo wako

14 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Mimi siumwi, ila mzima siwezi kusema. Nisamehe kwa kimya cha karibu mwezi. Leo nimekupigia mara nne, simu yako imezimwa, wifi anasema uko semina. Barua hii nimempa dereva wa gari la sampuli aitie mkononi mwako leoleo.

Nilikagua. Nilifanya kwa hasira, nikitaka kukukomesha. Ngoja nikueleze taratibu. Daktari akikata nyama kwenye uvimbe, anaitia kwenye chupa na kuandika kwenye fomu amekata vipande vingapi. Sisi tunaibandika chupa lebo, tunavigandisha vipande ndani ya nta, tunachonga utando mwembamba, tunautia rangi na kuutazama kwa hadubini. Ile nta haitupwi, inakaa kabatini kwa miaka. Nikatoa nta ya mwalimu. Fomu yake inasema kipande kimoja. Ndani ya nta kulikuwa na vitatu. Hata watoto wake wa chekechea wangehesabu wakaona.

Siku ile ya Septemba kliniki ya kwenu ilileta chupa mbili. Ya pili ilikuwa ya fundi cherehani mmoja, mwanamke, na fomu yake inasema vipande vitatu. Nikatoa nta yake. Kilikuwemo kimoja, safi kabisa. Lebo za chupa zilibadilishana. Mwalimu hakuwahi kuugua; uvimbe wa kawaida huweza kunywea wenyewe. Mwenye saratani ni fundi cherehani, na sisi tulimwandikia kwamba ni uvimbe wa kawaida, arudi nyumbani asiwe na wasiwasi. Ni miezi sita sasa.

Mwandiko kwenye lebo zote mbili ni wangu.

Nilimpelekea mkuu wa maabara jana. Alizitazama nta zote mbili, akaenda kufunga mlango. Akasema kipande huweza kuvunjika kikawa vitatu, hivyo si ushahidi kamili, tusubiri. Nikamwuliza tunasubiri nini. Akanijibu kwa upole kabisa, kama anayembembeleza mtoto: "Fikiria watu watakaoacha kutuamini. Wataenda wapi? Kwa wale waombaji. Utakuwa umeua wangapi kwa ajili ya mmoja?" Nimefanya kazi chini ya mtu huyu miaka kumi na moja. Nilikuwa nikimheshimu.

Namba ya simu ya fundi haipatikani. Fomu inasema anakaa nyuma ya kiwanda cha mbao, mtaa uleule wa kanisa lako. Mtafute leo. Ugomvi wetu wa nani alikuwa sahihi tutaumaliza tukizeeka.

Dada yako

17 Machi

Dada, shikamoo, na pole. Wifi yako anasema ule, ulale. Anakujua.

Dereva alinikuta semina, nikatoka palepale. Nimempata. Ana chumba cha mbele chenye cherehani mbili, na ukuta mzima umetundikwa sare za shule. Si wa kanisa letu, na wala sikumwuliza anaabudu wapi. Nilipojitambulisha alidhani nimeleta oda ya majoho ya kwaya. Nikamwomba aketi. Akasema yeye kazi yake ni kuketi, nimwambie tu. Nikamweleza. Hakulia. Aliumalizia mshono aliokuwa nao mkononi, akakata uzi kwa meno, ndipo akasema:

"Miezi sita nawaambia uvimbe unauma, wananionyesha karatasi. Nikafika mahali nikajiona mimi ndiye mwongo. Mungu wenu na mashine zao, hakuna hata mmoja aliyenisikia?"

Nimesomea majibu miaka minne chuoni, na hapo nikamwuliza tu lini twende hospitali. Jana nilimpeleka mwenyewe hospitali kubwa, wamempokea.

Kutoka huko niliwaita wazee wa kanisa. Nikawaambia Jumapili lazima tutangaze kwamba muujiza wa mwalimu haukuwepo. Katibu akavua miwani, akaifuta, akasema: "Fikiria watu watakaoacha kuamini, Mchungaji. Wataenda wapi?" Dada, nilidhani ameisoma barua yako. Huyu mzee amesali miaka arobaini, mkuu wako ametazama hadubini maisha yake yote, na leo wanasema sentensi moja kana kwamba walikaririshwa darasa moja. Niliomba kikao kifungwe kabla sijasema neno la kujutia.

Jumapili nitasema.

Mdogo wako

29 Machi

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Mimi nina hasira, na safari hii sijui nizielekeze kwako au kwangu, basi zisome zote.

Niliandika ripoti ya marekebisho nikaipeleka kwa mkurugenzi wa hospitali bila kupitia kwa mkuu. Kesho yake nikahamishiwa chumba cha kuosha vyombo vya maabara. Sawa. Nilikosea chupa, acha nioshe chupa.

Jumatano fundi cherehani alikuja kuchukua nta yake aipeleke kule anakotibiwa, nami ndiye niliyetumwa kumkabidhi dirishani. Akaniuliza kama namfahamu dada wa yule mchungaji. Nikasema ndiye mimi. Akanishika mikono yote miwili. Akasema umemweleza kwamba kuna mzembe mmoja alichanganya chupa, na kama dada yako asingefukua kabati, angekufa na karatasi yao ya kutokuwa na wasiwasi. Akaniombea maisha marefu.

Na mimi nikasema asante. Unasikia? Nikasema asante, nikafunga dirisha.

Ulimwambia nusu. Kila neno ulilosema ni kweli, na yote kwa pamoja ni uongo. Mkuu wangu mwenyewe hana ufundi wa namna hiyo. Wewe unayewasimamisha watu mbele ya wenzao watubu wizi wa kuku, umemsitiri dada yako kwa sababu ni dada yako. Nani alikutuma? Nilikuambia kwetu yeyote anaweza kutukagua. Nimekaguliwa kwa mara ya kwanza, tena na mwenye haki kuliko wote, nikajificha nyuma ya kioo.

Na Jumapili ulisema? Tangu barua yako zimekaribia wiki mbili, sijasikia kitu.

Dada yako

12 Aprili

Dada, shikamoo.

Nyumbani wazima. Barua yako nimeisoma mara tatu, na hakuna mstari niliouona umezidisha.

Jumapili ile sikusema. Nilipanda mimbarini nikaona nyuso zao, nikahubiri habari ya uvumilivu. Waliipenda sana. Barua yako ilipofika ndipo nilipoona aibu. Jumapili iliyopita nilisema yote: kwamba chupa zilichanganywa, aliyechanganya ni dada yangu, aliyemficha ni mimi, na tangazo letu la wino mwekundu lilitolewa bila mtu kuuliza swali hata moja, kwa sababu jibu lilitupendeza.

Mwalimu wa chekechea akasimama. "Kwa hiyo sikupona?"

"Hukuugua," nikamwambia. Nilidhani atafurahi.

Akasema: "Miezi minne niliwaaga wanangu. Mkanipa muujiza ndio nikaweza kulala. Leo mnauchukua, nibaki na nini?" Akatoka, na nusu ya kwaya ikamfuata. Wazee wamenisimamisha miezi mitatu. Mfagiaji wa posta nilimfuata nyumbani kwake, nikamwambia hakuna foleni ya muujiza, anywe dawa zake na mimi nitamwombea akiwa anazinywa. Amerudi kliniki. Alinisema vibaya sana kabla ya kukubali, na alikuwa na haki.

Siku hizi nina muda wa kufikiri. Kosa lako lilikaa ndani ya nta miezi sita, halikubadilika, likimngoja mtu wa kuhesabu hadi tatu. Muujiza wetu hakuna aliyeweza kuufungua akahesabu kitu, na hilo linanikera sasa kuliko lilivyowahi kukukera wewe. Lakini nimeiona fomu yenu ya marekebisho, mwalimu alinionyesha nakala yake alipoipokea juzi. Ina mahali pa majibu ya zamani, majibu mapya, tarehe na saini. Haina mahali pa kuandika samahani. Hicho ndicho kitu tulichokabidhiwa sisi, nami nilikunyima nafasi ya kukisema.

Sitamwendea fundi kwa niaba yako. Lakini mtaa ni mmoja na midomo ni mingi. Wahi.

Mdogo wako

30 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini nyote wazima. Sikunyamaza kwa kununa, ni kwamba mambo yalikuwa mengi.

Nilikwenda siku ileile barua yako ilipofika. Nilimkuta ameshafanyiwa operesheni, mkono wa kushoto umevimba, cherehani moja imefunikwa shuka. Ugonjwa umefika kwapani. Madaktari wake hawaahidi kitu, na mimi nikiwa mtu wa kazi hiyo najua kwa nini hawaahidi. Hakuniambia niketi. Nikasema nikiwa mlangoni kwamba aliyebandika lebo ni mimi, na kwamba naomba samahani.

"Najua," akasema. "Nimekungoja siku nne nione kama utakuja."

Akaniuliza siku ile nilikuwa nimechoka, au nilikuwa na matatizo nyumbani. Nilitamani niwe na sababu. Nikamwambia sikumbuki chochote, ilikuwa siku ya kawaida. Akasema hicho ndicho kinachomchoma zaidi, kwamba kwangu ilikuwa siku ya kawaida. Kisha akanisukumia daftari la vipimo vya wateja na kalamu, akasema, "Andika. Mwandiko wako unajulikana." Nikaandika kurasa tatu: chupa, nta, mlango aliofunga mkuu na maneno aliyoniambia. Malalamiko yake yamefika bodi ya hospitali pamoja na ushahidi wangu, na mkuu ameitwa Jumanne. Mimi nimeitwa pia. Huenda hata kuosha chupa sitaosha tena. Nitakwenda hivyohivyo.

Kabla sijaondoka nikamwuliza kama amenisamehe.

"Bado," akasema. "Lakini Alhamisi natiwa dawa ya mshipa, na mkono huu hauwezi kubeba mkoba. Uje saa moja na nusu asubuhi."

Nimekwenda Alhamisi zote tangu hapo. Dawa inadondoka kwa muda wa saa nne. Yeye anafumba macho na kuomba kwa midomo tu, bila sauti, na mimi nasoma karatasi za majibu yake ya damu mstari kwa mstari, nikiona kitu namwita muuguzi. Hakuna anayemkatiza mwenzake. Juzi aliniuliza hayo mahesabu yangu yanasemaje, nikamwambia damu imepanda kidogo. Nikamwuliza na huko anakoomba wanasemaje. Akasema yeye na Mungu bado wanagombana.

Ameniagiza nikuambie kwamba wewe pia hajakusamehe. Anasema kwa kuwa umenyang'anywa mimbari, Alhamisi una nafasi, na kuna mkoba wa pili.

Dada yako