Pawa ya Landrova ya baba

Zipo rafiki yangu, umelala? Asubuhi nilikuwa nawawekea kuku maji, baba akaniita, "Anitha, njoo uone baba yako anavyorudi barabarani."

Si unajua ule usukani wa Landrova ulivyo mgumu. Tangu apooze mkono wa kulia hajaigusa. Fundi Gerson kaja kumfungia pawa, ile pampu ya kulainisha usukani, ili akate kona kwa mkono mmoja, aende shamba Haneti mwenyewe.

Basi baba kawasha. Usukani ukagoma vilevile. Kagonga nguzo ya geti.

Baba kautazama mkono wake wa kushoto, akasema, "Kumbe hata huu mzima umeshakufa." Halafu akacheka. Bora angelia, Zipo. Anasema kesho anaiuza.

Jioni nikaenda gereji. Mimi huyu ninayeogopa hata kununua vocha. "Shikamoo fundi. Mbona pawa haifanyi kazi?"

Akaangalia chini. "Mwanangu, pampu haina mkanda. Mama yako ndo alinambia niutoe nimpe yeye. Anasema mzee akiendesha atakufa."

Mama. Huyohuyo aliyesimama getini akampangusa jasho, "Pole baba Anitha, labda ndo Mungu kapanga."

Eti Mungu kapanga. Nimerudi nikatafuta, mkanda nimeukuta kwenye ndoo yake ya unga.

Na baba analala akiamini tatizo ni mkono wake.

Nimemtumia mama meseji, yuko chumba cha pili: "Mama naomba umwambie baba kabla hajauza gari. Ukinyamaza nitasema mimi."

Kasoma, tiki za bluu hizi hapa. Halafu taa ya chumbani kwao ikazimwa.