Siku Niliyokataa Sare

Liège, Ubelgiji, 1999

Papa Salima, mume wangu,

Barua uliyompa yule muuza dagaa avuke nayo ziwa hadi Kigoma imenifikia Jumatatu. Imesafiri wiki tisa, hati yako imefutika pembeni, lakini nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama mlangoni na koti mwilini. Kumbe uko hai! Goti je? Na dada yako mkubwa, kikohozi kimemwachia? Unaandika kwamba bomu limeondoa paa la jikoni na sasa unapika uani. Pika, mume wangu. Paa tutalirudisha. Macho yangu, yaliyonileta huku kutibiwa, yalipona zamani. Kama vita isingefunga njia, ningekuwa nakupikia mimi.

Sasa kaa kitini. Nimecheza sataranji katika mashindano ya dunia.

Usicheke. Ni sataranji ile ile uliyonifundisha kwenye biro yako ya gare, pale stesheni, tukingoja treni ya Kabalo ambayo haifiki. Karibu na kwa Salima kuna ukumbi ambapo wazee wanacheza kila Alhamisi. Mimi nilikuwa nakaa tu ndani nikiwaza habari za Kalemie mpaka kichwa kinauma, siku moja mutoto wetu akanivuta kwa nguvu mpaka huko. Nikafunga watatu siku hiyo hiyo. Kiongozi wa ukumbi, Madame Odile, fundi wa kushona aliyestaafu, akaniuliza miaka yangu. Nikasema sitini na moja. Akapiga makofi: "Basi kuna mashindano ya wamama wazee wa dunia nzima, kule Ujerumani. Tunakwenda wote wawili!"

Tulikwenda, na Salima akaomba ruhusa kazini anisindikize. Kwenye meza ya kuandikisha, bwana mmoja mwenye miwani akatazama karatasi zangu, akaniuliza kwa Kifaransa: "Kongo? Upande gani, mama? Wa serikali ao wa wale waasi?" Akasema kwa kuwa sina barua yoyote ya chama cha sataranji kutoka kwetu, njia rahisi njo kuniandika chini ya bendera ya Ubelgiji.

Salima akaninong'oneza: "Mama, kubali tu. Bendera ni kitambaa."

"Kama ni kitambaa tu, waniwekee chetu."

Nikamwambia yule bwana: "Mimi natoka Kongo. Upande mimi sina. Kama haiwezekani, nitakaa na watazamaji nimwangalie Madame Odile akicheza."

Nilitaka sana kucheza, Papa Salima. Bwana akaingia kwa wakubwa wake, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka aliniuliza bendera yetu ikoje, kwa sababu hawakuwa nayo. Kesho yake asubuhi nikaikuta mezani pangu, ya karatasi, ndogo kama kiganja, rangi ya buluu na nyota za manjano. Alikuwa ameichora mwenyewe. Nyota moja imepinda.

Michezo miwili ya kwanza nilifungwa. Wa tatu nikapata sare. Siku ya nne wakanipanga na mama mmoja Mrusi, mwalimu wa zamani, ambaye watu walikuwa wanampisha njia akipita, kwa vile amewahi kuchukua ubingwa huo. Nilicheza pole pole, sikukimbilia kula vipande vyake. Saa ya nne ya mchezo, ubaoni walibaki wafalme wetu na askari wachache. Akaninyooshea mkono, akitabasamu: tumalize sare. Madame Odile, ambaye mchezo wake ulikuwa umekwisha, akawa nyuma ya kamba ananipa ishara kwa kichwa, kubali, kubali! Sare na bingwa, nani angenicheka?

Lakini nilikuwa nimehesabu. Askari wangu wa pembeni alihitaji hatua tano afike mwisho ageuke malkia. Mfalme wake asingemuwahi. Nikahesabu tena kwa vidole chini ya meza. Nikakataa mkono wake kwa heshima, nikamsogeza askari.

Yule mama akatazama ubao muda mrefu, akatazama bendera ya karatasi. Halafu akalaza mfalme wake, akakubali kushindwa, akasimama, akanishika mikono yote miwili. Alisema neno, mtu akanitafsiria: "Nani alikufundisha?"

"Mume wangu," nikasema, "karani wa gare ya Kalemie."

Akanipa kidaftari chake niandike jina lako. Nimeliandika kwa herufi kubwa.

Mwisho nikawa wa kumi na moja. Medali sikupata. Ila kwenye orodha ya ukutani, mbele ya jina langu, iliandikwa Kongo, na Salima akasimama pale akalia mbele za watu bila kujificha.

Nisalimie dada yako, na shemeji yangu wa Kirungu kama ameweza kushuka kutoka huko milimani, na jirani yetu Mama Kiza anayekuchotea maji. Na yule seremala aliyetuchongea vipande vya sataranji, mwambie farasi wake ni wazuri kuliko wa Wajerumani.

Salima anataka nibaki naye moja kwa moja. Nimemjibu kwamba siku meli itakapovuka ziwa salama, mimi nimo ndani. Lakini tusikae bure mpaka siku hiyo. Toa ubao. Mimi nina weupe: askari aliye mbele ya mfalme, hatua mbili. Zamu yako. Kwa barua za wiki tisa mchezo huu utachukua miaka mingi, kwa hiyo usithubutu kufa.

Mke wako,
Mama Salima